Ule wa Serikali

Kwa bibi yangu Mbeleje mwaka haukuwa namba.
Ulikuwa jina.
Mtunya, njaa aliyosimuliwa na mama yake,
watu walipochemsha ngozi za kulalia.
Mwaka wa nzige. Mwaka wa mvua iliyoangusha matembe.
Ukimuuliza umri wa mwanawe wa tatu,
"Huyu? Huyu wa nzige," basi, mazungumzo yamekwisha.

Mimi ninazo namba tu. Ndiyo kazi yangu.
Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi
nashuka kwenye bwawa la Mtera,
nasoma rula ya chuma iliyosimama majini,
naandika: mita mia sita tisini na mbili, nukta nne.
Kesho yake nukta tatu.
Keshokutwa nukta moja.

Kitabu nilikipata Mvumi, kwenye boksi
la nesi mmoja wa Welisi aliyekwisha ondoka zamani,
kati ya glavu zilizogandana na kopo la vifungo.
Mwaka mmoja wa kwao, 1965, mwezi kwa mwezi.
Nilitoa shilingi mia tano, kwa ajili ya picha.

Machi: wanaume wenye matope hadi masikioni wanabebana.
Wamewashinda Waingereza, Waskoti na Waayalandi
kwa mpira ule wenye umbo la yai.
Mei: mgodi wa makaa umelipuka. Thelathini na mmoja.
Wanawake wamesimama langoni, hakuna anayelia,
wanatazama kama tutazamavyo sisi
wingu la Novemba lisiloahidi kitu.
Julai: miaka mia tangu wenzao wapande meli
kwenda Patagonia, nyika ya upepo,
ili lugha yao ipate pa kulala.

Oktoba niliisoma mara mbili, kamusi mapajani.

Kijiji kiliitwa Capel Celyn.
Kanisa, shule, posta, mashamba.
Jiji la Livapuli, la nchi jirani, lilikuwa na kiu.
Wabunge wa Welisi karibu wote walikataa;
sheria ikapita, kama mbuzi apitavyo
kwenye ua wa mtu asiye na fimbo.
Baadhi ya marehemu walihamishwa.
Wengine waliachwa pale pale,
wakafunikwa zege
wasije wakaibuka kwenye maji ya kunywa.
Siku ya uzinduzi vijana walikata nyaya za kipaza sauti.
Mgeni rasmi akafungua mdomo, hakikutoka kitu.
Dakika chache, sherehe kwisha.

Nilicheka peke yangu ofisini.
Halafu nikaacha.

Maana mwaka huu maji yameshuka sana,
na jana, chini ya rula yangu,
yametokea mafiga.
Matatu. Upande wa ndani bado meusi.
Hatua sita kutoka pale, jiwe la kusagia uwele
limelala kifudifudi kama mtu aliyechoka kungoja.
Ndahani, dereva wetu, aliuliza kama anaweza kulichukua.
Nikamwambia si langu kulitoa.

Bibi alihama bonde hili na mbuzi kumi na mmoja
na mlango.
Aliung'oa kwenye tembe akaubeba kichwani,
siku mbili, hadi huku juu kwenye mchanga,
na kuulaza ukutani
kwa sababu nyumba mpya ilikuja na mlango wake.
Mwaka ule hakuupa jina.
Nilimuuliza nikiwa mtoto, nikamuuliza nikiwa na ndevu.
"Ule wa serikali," alisema. "Wana namba, waulize."

Huko Welisi nako lazima yupo mtu
anayeshuka asubuhi, koti zito, buti za mpira,
kusoma rula.
Ukame ukizidi, nadhani, anaona kuta.
Sijui kwenye daftari lake anaandika nini.

Letu lina safu ya mwisho, Maoni.
Miaka tisa nimejaza humo neno moja: Hakuna.
Leo niliandika: Mafiga matatu.
Nikakaa. Taa ya mezani ikawaka,
umeme wa maji hayo hayo.
Nikaongeza, kwa kalamu ile ile:
Mlango uko kwetu.